Sufuria ya Juu ya Kabati

Mng'arisha viatu wa kona ya benki aliitwa Kioo, na jina hilo alijipa mwenyewe. Watu wengine husubiri marafiki au maadui wawatungie jina la utani. Yeye hakuona sababu ya kuwasumbua. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pale pale, akiinamia miguu ya mawakili, ya walimu, ya madereva na ya vijana wanaokwenda kuomba kazi, na hakuna aliyeinuka mbele yake bila kuuona uso wake mwenyewe kwenye kiatu. Sasa mtu wa namna hiyo utamwita nani? Alikuwa amevuka hamsini, mkewe alishafariki, watoto walishaoa na kuolewa wakaenda zao, na afya yake haikuwa na neno. Alijipenda, tuseme ukweli, lakini alijipenda kwa namna isiyomkera mtu.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kigoda chake, kulikuwa na mkahawa mdogo wa mpishi mmoja mwanamke. Siku za kazi alilisha watu wa maofisini, na mwisho wa wiki alichukua kazi za kupikia shughuli. Alikuwa mjane, mwenye mikono mizito na sauti ya kumwamrisha hata mteja. Kioo alikula pale kila mchana. Mwanzoni alifuata chakula. Baadaye chakula kikawa kisingizio, na kila mtu mkahawani alilijua hilo isipokuwa yeye, aliyedhani anaficha.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia alipiga moyo konde. Alisubiri wateja wapungue, akajifuta mdomo, akasema bila kuzungukazunguka.

"Bi Mpishi, nataka kukuoa. Nimejichunguza wiki nzima, sijaona kasoro kubwa."

Mpishi alicheka mpaka akashika meza. "Na zile ndogo?"

"Ndogo utanitajia wewe, tutazifanyia kazi."

"Nipe mpaka Jumapili," alisema Mpishi, akipangusa machozi ya kicheko. "Jumamosi nina shughuli ya watu wengi. Siwezi kupika na kufikiria ndoa kwa wakati mmoja, nitaunguza kimojawapo."

Mwanamume mwingine angekosa usingizi. Kioo alilala fofofo. Kwa mawazo yake, mwanamke asiyetaka husema papo hapo. Anayesema Jumapili ameshakubali, ila tarehe tu haijafika. Aliyekuwa na wasiwasi ni binti wa Mpishi, muuguzi wa hospitali, ambaye bado aliishi na mama yake kwenye nyumba iliyo nyuma ya mkahawa. Binti huyo alikuwa akimtazama Kioo jinsi anavyotazama kidonda ambacho hakijaamua kama kitapona au kitaoza.

Ijumaa alasiri Kioo alimkuta Mpishi amepanga sufuria tano za shaba kifudifudi kwenye meza ya uani. Zilikuwa sufuria nene, nzito, zilizofuliwa kwa nyundo, lakini kwa nje moshi na mikono ya watu vilikuwa vimezifanya nyeusi kuliko soli. Mwenye shughuli alikuwa ameagiza chakula kipakuliwe humo humo mbele ya wageni, kwa hiyo lazima zing'ae, na Mpishi alikuwa bado hajakwenda sokoni.

"Nenda sokoni," alisema Kioo. "Hizi niachie mimi."

"Umewahi kusafisha shaba?"

"Bi Mpishi, kitu cha kung'aa ni kitu cha kung'aa. Nionyeshe mara moja tu."

Mpishi akamwonyesha. Alikata ndimu, akaichovya kwenye chumvi, akasugua kipande kidogo cha ubavu wa sufuria, na pale pale shaba ikatokeza nyekundu. Ukimaliza unasuuza, alimwambia, usiache chumvi hata chembe maana itaila sufuria. Na unakausha hapo hapo kwa kitambaa kikavu, maji yakikaukia juu yanaacha madoa. "Ndani nimeshamaliza mwenyewe, wewe nje tu," alisema, akachukua kikapu chake.

Binti alimvuta mama yake pembeni, lakini sauti yake haikwenda pembeni. "Mama, tunamwacha huyu peke yake ndani ya nyumba?"

"Akiiba sufuria ya shaba itamvunja mgongo," alijibu Mpishi. "Twende."

Kioo alikunja mikono ya shati. Ndimu baada ya ndimu, weusi ulianza kuachia, na kila ulipoachia alizidi kupata nguvu. Alisugua kwa mizunguko midogo kama alivyozoea kwenye ngozi, akasuuza, akakausha, akasimama nyuma kidogo na kujipongeza kwa sauti. Sufuria ya tano ilipokamilika jua lilikuwa bado lipo, na uani kulikuwa na mng'ao ambao jirani wa dirisha la juu alichungulia kuutazama. Ilikuwa kazi safi, hakuna wa kumpinga, na kama angeketi hapo akajipepea akisubiri watu warudi, habari yangu ingeishia kwenye harusi.

Lakini kitambaa chake kilikuwa kimelowa, akaingia jikoni kutafuta kingine. Juu ya kabati la vyombo aliona kitu kimefungwa kwa khanga kuukuu. Alivuta akidhani ni matambara. Ilikuwa sufuria ya sita, ya shaba kama zile nyingine, ndogo kidogo na nzuri kuliko zote, nje imefifia tu kwa kukaa. Ndani yake ilikuwa na rangi ya kijivu iliyopoa, yenye michirizi iliyozunguka zunguka. Mahali pamoja mzunguko ulikatika, ukaacha alama nyembamba, kisha ukaendelea.

Kioo alifurahi. Aliona wazi kwamba Mpishi ameisahau, au ameichoka, au imemshinda, na kwamba sasa amepata zawadi ya kumpa inayozidi maneno. Nje aliimaliza haraka. Halafu akaitazama ndani, na hapo ndipo kazi yake ya miaka yote ilipomponza. Mng'arisha viatu wa kweli hapaki rangi juu ya rangi ya zamani. Kwanza anaikwangua yote mpaka aione ngozi yenyewe. Kwa jicho lake ile kijivu ilikuwa ukoko wa zamani uliopakwa vibaya. Ndimu haikuitoa. Akaenda kuchukua kwenye kisanduku chake msasa laini wa kulainishia soli.

Kama umewahi kukaa kwenye nyumba yenye sufuria za shaba, najua umeshashika kichwa. Kioo hakuwahi. Alisugua, na chini ya kijivu ikatokea nyekundu, ya ajabu, inayowaka, na moyo wake ukaruka kwa fahari: kumbe hata ndani ni shaba tupu na hakuna aliyewahi kuitoa. Ile alama iliyokatika ilikuwa ngumu kuliko kwingine, basi hapo akakaa muda mrefu zaidi. Alipomaliza aliiweka sufuria katikati ya meza, mbele ya zile tano, ili iwe ya kwanza kuonekana.

Mpishi aliingia uani na kikapu kichwani, binti nyuma yake. Aliziona sufuria tano akatabasamu. Kisha akaiona ya sita. Alikitua kikapu chini polepole, akaenda mezani, akainamia ndani ya ile sufuria, akapitisha vidole kuzunguka ukuta wake wa ndani kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Halafu akakaa kwenye benchi.

"Hiyo nimekuongezea," alisema Kioo. "Ilikuwa imeshika ukoko ndani, lakini sikuupa nafasi."

Aliyejibu ni binti. "Ule haukuwa ukoko, Mzee Kioo. Lilikuwa bati."

"Bati gani?"

"Bati. Sufuria yoyote ya shaba inapakwa bati la kuyeyushwa kwa ndani, chakula kisiguse shaba. Ukipika humo nyanya sasa hivi, wanaokula wote nitawapokea mimi wodini." Alisema kwa sauti ya kazini, bila kupandisha, na ikawa mbaya zaidi kuliko kama angefoka. "Na bati hilo alilipaka baba. Hizi sufuria zote alifua yeye, na hii ndiyo aliyoimaliza mwisho, wiki ile ile aliyolala asiamke. Nyingine zimepikiwa, bati lake limeshakwisha, zimepakwa upya na watu wengine. Hii mama hajaipikia hata siku moja. Kila fundi ana mkono wake anapopangusa bati, na baba alikuwa na kidole kisichokunjika. Kilikuwa kinaacha alama."

Kioo aliikumbuka alama ile. Aliikumbuka vizuri sana, kwa sababu mkono ulikuwa bado unamuuma kwa kuisugua.

Kuna watu ambao pale wangeanza kujitetea: sikuambiwa, ilikuwa imefungwa kama tambara, nilitaka kusaidia. Yote hayo yalikuwa kweli na yalimfika mpaka kwenye ulimi. Aliyameza. Nasema hili kwa sababu nimemcheka tangu mwanzo na nitamcheka tena, lakini saa ile alisimama wima mbele ya mwanamke aliyemtaka na hakutafuta mlango.

"Nimeiharibu," alisema. "Sikujua, ila kutojua kwangu hakurudishi kitu. Niambie fundi wa bati alipo niipeleke sasa hivi."

Mpishi hakuinua uso. "Fundi alikuwa mume wangu. Nenda nyumbani, Kioo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina hilo bila kicheko ndani yake. Kioo alichukua kisanduku chake, akaondoka.

Jumamosi alikaa kwenye kigoda kama kawaida, lakini mkono ulikuwa kazini peke yake. Karani mmoja wa benki aliondoka na kiatu kimoja kinachowaka na kingine kina vumbi, na ilibidi arudi. Mkahawa ulikuwa umefungwa kwa ajili ya shughuli. Aliziona zile sufuria tano zikipakiwa kwenye gari, zinang'aa mpaka wapita njia wanageuka, na kwa mara ya kwanza tangu ashike brashi maishani mwake kitu kilichong'aa hakikumfurahisha. Alikuwa na uchungu. Alijisemea waziwazi kwamba anampenda yule mwanamke, si kwa mchezo wala kwa ajili ya chakula, na kwamba huenda amempoteza kwa kipande cha msasa.

Rafiki yake muuza magazeti alimshauri Jumapili asiende. "Mtu akuite akutukane, kwa nini umpelekee masikio?"

"Alisema Jumapili," alijibu Kioo. "Hakusema Jumapili kama mambo yatakuwa mazuri." Hata akiwa amevunjika moyo alijua maneno yake yamekaa vizuri, na hilo lilimsaidia kidogo.

Basi Jumapili asubuhi alivaa shati lake jeupe, akavaa viatu ambavyo sina haja ya kuvieleza, akabisha mlango wa uani. Binti alimfungulia, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Umekuja." Haikujulikana kama ni salamu au malalamiko.

Uani kulikuwa na jiko la mkaa limewashwa kwa moto mkali. Pembeni yake, juu ya gunia, kulikuwa na koleo refu, bonge la pamba, kopo la unga mweupe wa kulishikisha bati na kipande cha bati lenyewe kinachofanana na chaki nene. Mpishi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na mikono yake imejaa masizi. Ile sufuria ilikuwa miguuni pake.

"Vua shati hilo," alisema. "Utalichoma."

Kioo alisita. "Wewe unajua kupaka bati?"

"Miaka yote ile unadhani alikuwa anapaka peke yake? Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anapangusa, mwingine anashika na kuzungusha juu ya moto. Mimi nilikuwa nashika. Kupangusa nilikuwa natazama tu, lakini macho yangu si ya mchezo." Alimtupia koleo. "Leo nitapangusa. Wewe shika."

Alishika. Sufuria ilikuwa nzito kuliko ilivyokuwa Ijumaa, au ndivyo ilivyomwelemea kwenye mkono ulionyooka. Moto uliipasha mpaka shaba ikabadilika rangi. Mpishi akanyunyiza ule unga, moshi mweupe ukapanda, mchungu, wa kukaba koo, na Kioo akaanza kukohoa.

"Kohoa, lakini usitikise."

Akagusisha kipande cha bati kwenye shaba, nacho kikayeyuka, kikateleza chini kama tone la maziwa. Hapo Mpishi akaingiza pamba, akapangusa kwa nguvu, na kila pamba ilipopita ile nyekundu ilifunikwa na weupe unaometameta. Kioo alishangaa mpaka akasahau kazi. Sufuria ikainama, bati likakimbilia upande mmoja na kuganda kama uvimbe.

"Zungusha, wewe," alisema Mpishi. "Mbona kama unabembeleza mtoto. Irudishe motoni."

"Haya."

"Upande wako. Upande wako mwingine."

"Haya, Bi Mpishi."

Binti, aliyekuwa amekunja mikono kifuani, alijikuta anatabasamu na akageuka upande wa ukuta ili asionekane. Hakuwahi kumsikia Kioo akisema haya mara mbili mfululizo.

Mikono yao ilianza kuzoeana, huyu anasukuma, yule anapokea. Kisha Mpishi akaanza kusema, bila kuinua macho kwenye sufuria.

"Ijumaa nilikuchukia. Nakuambia ukweli. Hata jana mchana, watu wananisifia sufuria, nilikuwa bado nakuchukia. Halafu jioni nikaishika hii, nikajiuliza, hivi yeye mwenyewe angesema nini? Mume wangu hakutengeneza hata sufuria moja ya kuwekwa kabatini. Angenicheka. Angesema, mwanamke, nimevunja mkono wangu nikufulie chombo cha kufunga kwenye khanga?" Alipangusa mzunguko mwingine. "Nilikuwa naishusha usiku nikiangalia alama ya kile kidole chake. Sasa haipo, na nimelia, nimemaliza. Usidhani nakushukuru. Sikushukuru hata kidogo."

"Siwezi kudhani hivyo," alisema Kioo. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi, na moshi hakuulaumu. "Na saa hizi bado unanichukia?"

"Saa hizi shika koleo."

Bati lilienea mpaka ukingoni. Mpishi aliitumbukiza sufuria kwenye ndoo ya maji, ikalia kwa mvuke, akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga. Weupe wa ndani haukuwa laini. Kulikuwa na michirizi mipana, mizito, iliyokwenda kwa mapigo mafupi, mkono wa mtu aliyekanda na kukaanga maisha yake yote. Na upande mmoja, pale Kioo alipoiachia ikainama, kulikuwa na wimbi lililobaki, ambalo kupangusa kote hakukuweza kulifuta.

"Pale ni kosa langu," alisema Kioo.

"Ni lako. Panaonekana." Mpishi alipitisha kidole juu ya lile wimbi, akaliacha. "Hapavuji. Inatosha. Mwanangu, lete vitunguu na mafuta."

Binti aliacha kukunja mikono. "Mama, unapikia hii?"

"Sufuria ni ya kupikia."

Vitunguu vikaingia. Vililia kwenye mafuta, harufu ikajaa uani, na Mpishi akakoroga kwa mwiko wa mti, taratibu, asikwaruze. Kioo alikuwa amesimama pembeni kifua wazi, masizi mpaka kwenye masikio, viatu vyake vimejaa majivu na yeye hana habari. Hakujua kama afuate shati lake au akae.

"Bati si la milele," Mpishi alimwambia, huku akikoroga. "Tukiipikia kila siku litachakaa, shaba itaanza kuchungulia. Mwakani itabidi tuipake tena. Ukae ukijifunza kushika."

Kioo aliliokota koleo, akalishika kwa mikono miwili. 

"Mama," alisema binti, "si ulimwambia leo utampa jibu?"

"Nimeshampa," alisema Mpishi. "Mpe sahani, anawe mikono."